Mtungi wa Ubavuni

Nanga alikuwa mtu wa majivuno, na hakuona sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mtu aliyeanza kupiga mbizi chini ya meli kabla hajaota ndevu, na sasa ndevu zimeshakuwa nyeupe, asipojivunia kazi yake atajivunia nini, upara? Wenzake bandarini walimpa jina hilo kwa sababu akizama amezama. Haibuki mpaka kazi iishe. Alipofanywa mkuu wa kikosi cha wapiga mbizi jina likazidi kumkaa, maana akishika neno, kumng'oa hapo ni shughuli.

Neno alilolishika siku hizo lilikuwa la mtungi mdogo. Kila mpiga mbizi wa kikosi hushuka na mtungi mkubwa wa hewa mgongoni, na pamoja nao hubeba mwingine mdogo, mnene kama mkono wa mtu, wenye kipumulio chake peke yake. Huo ni wa akiba. Mkubwa ukigoma, mdogo unakupa pumzi za kukurudisha kwenu. Kwamba lazima uwepo, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa ubebwe wapi.

Kila mtu alikuwa fundi katika jambo hilo. Kibonge, mwenye tumbo lake la kutosha, aliwahi kuufunga wa kwake tumboni, akatembea gatini kama mjamzito wa miezi tisa, kisha akanasa kwenye ngazi ya chuma wakati wa kupanda. Walicheka mpaka akaufungua kwa hasira. Mwingine aliufunga pajani, akawa anaogelea upande upande kama kaa.

Nanga aliwaacha wacheze, halafu akawarudisha palepale: mgongoni, kando ya mtungi mkubwa, umefungwa kwa mikanda miwili. Kifua kinabaki wazi, mikono iko huru, hakuna kinachoning'inia. Na kwa kuwa mtu hawezi kuifikia valvu iliyo mgongoni kwake, kikosi kilikuwa na desturi yake. Kwanza unafungua mtungi mdogo ukiwa nchi kavu, unaangalia geji kama umejaa, halafu unafunga ili hewa isivuje wakati wa kusubiri. Mkifika ukingoni, mwenzako anakuja nyuma yako, anakufungulia, kisha anagonga chuma kwa vifundo vya vidole. Ngo, ngo. Bila kusikia mlio huo hakuna aliyejitupa majini. Nanga aliipenda desturi hiyo kuliko kitu chochote bandarini. Aliwaambia wageni wa kazi kwamba mtu asiyekubali kumpa mwenzake mgongo akauze maandazi.

Halafu akaja Sindano.

Sindano alikuwa binti yake wa mwisho, kitinda mimba. Jina lilitokana na wembamba wake, na pia kwa sababu hakuna kilichochanika nyumbani ambacho hakukishona kwa cherehani ya mama yake. Alisomea upigaji mbizi akatoka wa kwanza, akaingia kikosini kwa mlango wa mbele, tena wakampima kuliko wengine kwa ajili ya jina la baba yake. Siku alipoibuka kutoka kwenye mtihani wa mwisho, na matokeo yakasomwa, Nanga alikwenda kusimama nyuma ya stoo ya vifaa akafuta macho kwa kitambaa chenye grisi. Kumwambia mwenyewe kwamba anamwonea fahari, hakumwambia. Aliona atamharibu.

Jioni moja, chakula kikiwa kinatengwa, Sindano akaweka mezani mikanda aliyoishona mwenyewe, ina kulabu mbili za kubana.

"Ni nini tena hiyo mezani, watu wanataka kula?" Nanga akauliza.

"Ni ya mtungi mdogo, baba. Kulabu moja inakaa hapa begani, nyingine hapa nyongani. Mtungi unalala chini ya kwapa."

"Ubavuni."

"Ubavuni, ndiyo."

Nanga akasukuma mikanda pembeni kwa kidole kimoja, kama anayesukuma panya aliyekufa. "Tangu lini?"

"Baba, chini ya meli ni giza. Mgongo wangu siuoni. Ukiwa hapa naugusa, naufungua mwenyewe, na najua kwamba umefunguka."

"Na mwenzako kazi yake ni nini? Kukupungia mkono?"

"Kule chini mwenzangu pengine simwoni kabisa."

"Sisi tulionana. Mimi na Pacha tumeshuka pamoja mpaka watu wakadhani tumezaliwa pamoja. Nani aliwahi kukosa hewa?"

"Hakuna aliyewahi kukosa," Sindano akasema. "Hilo ndilo linalonitia hofu. Haijawahi kujaribiwa."

Mama yake aliyekuwa akipakua akaona jinsi mumewe alivyovimba shingo. "Baba watoto, mtoto anazungumza na wewe. Hajakutukana."

"Najua hajanitukana. Kwenye kikosi changu mtungi unakaa mgongoni. Asiyetaka hashuki."

"Basi mimi sishuki," Sindano akajibu. Hakupandisha sauti wala hakununa, akavuta sahani yake akaanza kula. Hilo ndilo lililomkera Nanga zaidi, maana ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akiwajibu wakubwa zake zamani. Samaki huyu alimkunja kwa mikono yake mwenyewe angali mbichi, sasa amlaumu nani?

Na haikuwa siku ya mtu kususa. Gatini palikuwa na meli kubwa iliyonaswa na waya wa chuma kwenye propela, na kikosi kilitakiwa kushuka keshokutwa kuukata. Kati ya wageni wote wa kazi, Sindano peke yake ndiye aliyechaguliwa kuingia chini ya meli. Asiposhuka, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na bandari nzima ingesema binti wa Nanga aliona maji akaogopa. Nanga aliijua bandari. Maneno ya namna hiyo yakikushika, hata ukizeeka yako na wewe.

Asubuhi akawakusanya watu wake kwenye bwawa la mazoezi, lile refu kwenda chini lililo nyuma ya stoo.

"Kuna watu wanasema njia yetu haijajaribiwa," akatangaza, bila kumtazama mtu. "Leo tunaijaribu. Naanza mimi."

"Wewe mwenyewe, mkuu?" Kibonge akashtuka. "Tulidhani utakaa kwenye kiti utupigie filimbi."

"Ng'ombe hazeeki maini. Leta turubai."

Walitandaza turubai juu ya maji kutoka ukingo mmoja hadi karibu na wa pili, liwe ndiyo tumbo la meli, kusiwe na kuibuka katikati. Vioo vya miwani wakavibandika plasta nyeusi, kuwe giza kama la chini ya gati. Sharti lilikuwa kwamba mtu azame hadi katikati, mtungi mkubwa ufungwe, ahamie kwenye mdogo, apapase kamba iliyo sakafuni mpaka atokee upande wa pili. Baada ya Nanga angefuata Sindano na mtungi wake wa ubavuni. Wote wawili wazame pamoja, binti asubiri zamu yake kwenye kamba.

"Pacha," Nanga akasema, "ukishanifungia mkubwa, ondoka. Usibaki hapo kunilinda kama yaya. Chini ya meli huenda usiwepo."

"Kiburi hicho, ndugu yangu," Pacha akasema huku akicheka.

"Changu, si cha kuazima."

Nanga akavaa. Akaufungua mtungi mdogo, akatazama geji: umejaa. Akaufunga, kama siku zote. Wakambebesha mgongoni, akasogea ukingoni kichwa juu, watu wakipiga makofi na Kibonge akimwimbia wimbo wa bwana harusi. Pacha akaja nyuma yake. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na katika kucheka huko akaitupia jicho geji ya mtungi mdogo. Mshale wa geji ulikuwa umesimama kwenye kujaa. Akadhani kwamba leo Nanga, kwa vile anaonyesha watu, ameshaufungua mwenyewe kabisa. Akagonga chuma. Ngo, ngo.

Sasa, hewa iliyobaki kwenye mpira wa kipumulio baada ya valvu kufungwa inaisukuma geji vilevile, na geji haijui kusema kwamba nyuma yangu mlango umefungwa. Kila mpiga mbizi analijua hilo. Pacha alilijua kuliko wengi. Lakini mtu anapoangalia anachotarajia kukiona, hukiona.

Chini kulikuwa kimya na giza totoro. Nanga alisikia mkono wa Pacha ukifunga mtungi mkubwa, kisha maji yakimwambia kwamba Pacha ameondoka. Akatema kipumulio kikubwa, akatia kile kidogo mdomoni, akavuta. Pumzi ikaja safi. Akatabasamu mle gizani. Akavuta ya pili, ikaja kwa shida. Ya tatu haikuja.

Akapeleka mkono nyuma. Vidole vikakwaruza chuma, vikashuka, vikapanda, valvu iko pale karibu na haifikiki. Akajaribu mkono mwingine, huo nao haukufika. Akapanda juu kichwa kikagonga turubai, likabonyea likamrudisha. Wakati huo Nanga hakufikiria desturi wala kikosi. Alifikiria, aibu iliyoje, nitafia bwawani kwenye maji ya bomba, na mtoto wangu atanitoa humu.

Akaanza kupiga mtungi kwa ngumi.

Sindano, akiwa ameshika kamba, naye haoni kitu, alisikia. Hiyo haikuwa ngo, ngo. Ilikuwa ni kupiga kwa mtu asiye na hewa. Aliacha kamba akaufuata mlio, mikono mbele, mpaka akakamata kiganja kikubwa chenye kovu alilolijua tangu akivushwa nacho barabara. Kiganja kikamng'ang'ania. Akashuka kwa mkono wake mwingine ubavuni, akafyatua kulabu ya bega, akafyatua ya nyonga, akafungua valvu, na mtungi mzima ukatoka mwilini mwake kama mtu anavyovua kandambili. Yeye mwenyewe alikuwa bado anapumua ule mkubwa. Akaupachika kwenye kiganja kile, akakiongoza kipumulio mpaka kwenye ndevu.

Nanga akavuta hewa, na hewa ikawa inakuja tu, kila alipoitaka. Aliukumbatia mtungi ule kifuani. Hapo, moyo ulipotulia, akatambua kitu alichokishika. Hakuwa amefungwa kwa binti yake kwa mpira mfupi, wakiburutana na kugongana vichwa. Alipewa mtungi wote, wake, aende nao atakako. Mtungi wa mgongoni, ambao alikuwa akiuhubiri miaka yote hiyo kwa jina la kupeana migongo, hakuna namna ambayo angeweza kuuvua akampa mtu. Huu wa ubavuni binti yake alikuwa amempa.

Wakaishika kamba, yeye mbele, mwanawe nyuma amemshika kifundo cha mguu, mpaka mwanga ukagusa kingo za plasta.

Juu walikuwa bado wanacheka. Kibonge alikuwa na mzaha mwingine mdomoni. Akamwona Nanga amekumbatia mtungi usio wake, mzaha ukamfia. Pacha alitazama mgongo wa rafiki yake, akaigusa valvu, akaikuta imefungwa kabisa. Uso ukamsawijika.

"Nimekuua," akasema.

"Hujaniua, niko hapa nakusikiliza." Nanga alikaa ukingoni, anahema, maji yanamtiririka. Watu wote walimsubiri. Angeweza kumtupia Pacha lawama, na nusu yake ingekuwa haki. Angeweza kusema ni bahati mbaya, turudi kazini, na wangerudi, kwa kuwa yeye ndiye mkuu. Alimtazama Sindano, aliyekuwa akibandua plasta kwenye miwani kana kwamba hakuna kilichotokea, na moyo ukamjaa mpaka akashindwa kuuzuia.

"Mmemwona huyu?" akasema kwa sauti ya kuwafikia hata wapakiaji walioko nje. "Haoni kitu, mimi napiga mateke kama punda, na amenipa hewa yake mkononi kama mtu anayempa mgeni kikombe cha chai. Mimi nimepiga mbizi maisha yangu yote, na jambo hilo sikuwahi kulifanya. Njia yangu haikuniruhusu. Huyu ni mwanangu. Kama kuna ambaye hajui, ajue leo."

"Baba, inatosha," Sindano akanong'ona, masikio yamemwiva.

"Haitoshi! Nilitakiwa niyaseme tangu siku ya mtihani wako, nikaenda kujificha nyuma ya stoo. Kesho chini ya meli anatangulia yeye. Mimi namfuata nyuma. Na anayetaka kushuka na mimi aende akashonewe mikanda."

"Yangu iwe mirefu kidogo," Kibonge akasema, na hapo hata Pacha akacheka, huku akifuta pua.

Sindano akamvua baba yake mtungi wa mgongoni. Akamvisha ile mikanda, akainua mkono wake wa kushoto, akambania mtungi mdogo chini ya kwapa, kulabu begani, kulabu nyongani. Nanga alijaribu kukaza zaidi.

"Usiubane hivyo. Uache ukae kwa raha. Haya, fumba macho."

Akafumba.

"Mimi sina hewa, baba. Nipe."

Vidole vyake vinene vikapapasa, vikakosa kulabu, vikaipata, vikaifyatua. Akaipata ya pili. Akanyoosha mtungi mbele yake gizani, mikono miwili, mpaka akasikia mikono myembamba ikiupokea.

"Umechelewa," Sindano akasema. "Ningekuwa nimeshazimia. Rudia."

Kikosi kizima kilikuwa kinatazama. Nanga hakufumbua macho. Aliinua kidevu, akatoa kifua mbele kama mtu anayevishwa nishani, akainua mkono ili mwanawe amfunge tena.