Nguo Alizovalishwa Tina

...na nywele zimeanza kutokea, mstari mwembamba mweusi juu kabisa ya kioo, halafu kimya, halafu mstari mwingine, maana intaneti ya Morogoro siku za mvua haikimbii, inatambaa, picha inashuka kutoka juu kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu, na ukibonyeza tena umeharibu, inarudi mwanzo, kwa hiyo tulia, Filomena, mkono juu ya mausi, subira ya kutunga uzi kwenye sindano unayo, hii nayo ikushinde? Maneno ya Stambuli yalikuwa yameshafika yote, yametumwa leo Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, Tina wangu, zawadi yako hii, leo nimekuvalisha mwenyewe, mpaka uje uione tutakuwa tumeshaonana, na alipoyasoma moyo ulimruka, ukamruka vizuri, tumeshaonana, labda ndotoni, wanaume wakipenda wote huwa watunga mashairi, hata huyu anayesema yuko Dodoma anauza vipuri vya pikipiki, na leo wala Filomena hakutakiwa kuwa hapa, siku yake ya kuja kafe ni Jumamosi, duka la Taherali likishafungwa, Stambuli anajua hivyo, ila mzee Taherali anamwoza binti yake, amefunga duka tangu asubuhi, kapumzike Filomena, vitenge havitakimbia, na badala ya kwenda nyumbani kufua kama mtu mwenye akili zake, miguu ikazipanda ngazi hizi yenyewe mpaka huku juu, mashine nane, feni moja, na Erick anayetunza kafe akampa kiti cha dirishani, ambako leo hakuna cha kutazama, wingu limeshuka mpaka kwenye mabati, milima imefutika, huko Mgeta lazima ni ukungu mtupu, Martina atalowa, amekwenda kwa bibi kuchukua karoti za mama za sokoni, kila Alhamisi anakwenda, na mwavuli kausahau... twende kilioni! Misuko ilikuwa twende kilioni, ile mistari inayorudi nyuma mpaka shingoni, na Filomena akatabasamu, maana Jumamosi alimwacha mdoli wake Tina na nywele ndefu za kuachia, za kizungu, ambazo kwenye mji ule wa kompyuta unapewa bure, misuko hupewi, misuko lazima ukae uichore mwenyewe, na huyu kakaa kaichora, mstari kwa mstari, saba, akaihesabu tena, saba, kama ile aliyomsuka Martina jana jioni mlangoni, Martina akilalamika dada unanivuta, unanitoa macho, kumbe hata Stambuli ana jicho... bahati tu, twende kilioni nani hasuki, nusu ya wasichana wa Morogoro wamesuka hivyo leo, usianze.

Na mji wenyewe ni mchezo, kila mtu anajitengenezea mdoli, mdoli anatembea, anakaa kwenye benchi, anaongea kwa maandishi na wadoli wa watu wengine, wa Brazili, wa Ufilipino, wa Nairobi, lakini kilichomnasa Filomena haikuwa maongezi, zilikuwa nguo, siku Erick alipomwonyesha kwamba unaweza kuchora blauzi yako mwenyewe, ukaikata, ukaipaka rangi, ukamvika mdoli ikamkaa, bila kupima, bila mteja wa kukwambia mabega yanabana, Mungu wangu, alikaa saa mbili bila kupepesa, fundi aliyejifunzia kwenye cherehani ya mama, cherehani aliyoinunua mama kwa kiinua mgongo walipopunguzwa kiwandani, leo ana kitambaa kisichokwisha. Mdoli alihitaji uso. Uso aliutafuta kwa haki kabisa, katekista aliyemfundisha dini asije akamsingizia, alianza na wake, pua yake aliipata, macho yake aliyapata, kulikuwa na pua sitini na midomo arobaini na rangi za ngozi kutoka maziwa mpaka mkaa, lakini kovu halikuwapo, lile la koroboi lililomlipukia akiwa na miaka tisa, kutoka sikio la kulia mpaka chini ya shingo, alipekua kurasa zote, waliotengeneza mji ule hawakuwahi kufikiri kwamba mtu aliyeungua naye atataka kuingia, basi, akasema basi, akachagua uso wa Martina, mdogo wake, miaka kumi na saba, uso ambao watu wakiuona sokoni wanamwongezea ndizi, akamwita Tina, na kosa liko wapi, damu moja, ziwa moja... na Stambuli akaja wiki ile ile ya kwanza, mdoli wake mrefu, kofia, akasema nguo zako si za humu, nani anakushonea? Hakusema wewe mzuri. Alisema nguo. Ndiyo maana.

Kola sasa, kola ya mviringo, lesi, rangi ya ndimu, ah, blauzi hii anaijua, ni ile aliyomshonea Martina Pasaka akamchorea na Tina hivyo hivyo, ndiyo desturi yake, akimaliza kumshonea mdogo wake nguo ya kweli huja hapa akaichora ilivyo, pindo kwa pindo, kwa sababu hawezi kuchora nguo ya uongo, mkono unakataa, Erick alishamcheka, sista si umvalishe gauni la malkia, nani anakukataza, na yeye akajibu gauni la malkia sijawahi kulipiga pasi. Kwa hiyo Stambuli kaichukua blauzi ya Tina akaitumia tena, hamna cha ajabu, mikono nayo inashuka, mkono wa kushoto, na kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, kulikuwa na alama ndogo za bluu, tano, zimelala upande... Akasogeza uso kwenye kioo. Uzi wa bluu. Jumanne Martina alinasa mkono kwenye msumari wa mlango, blauzi ikachanika, na uzi wa rangi ya ndimu ulikuwa umekwisha, Filomena akaushika kwa bluu, akasema vaa hivi hivi wiki hii Jumamosi nitaurudia, na hilo hajamchora Tina, hajamwambia mtu, nani anasimulia kiraka? Feni inazunguka, mtu wa mashine ya tatu anakohoa, Erick anapiga simu huku anacheka, na shingo ya Filomena upande wenye kovu, upande ambao hauhisi kitu, ukahisi baridi.

Mtu aliyechora hivi amesimama karibu, hiki si kitu cha kuona ukiwa ng'ambo ya barabara... mwaka juzi, kwa nini anawaza mwaka juzi, mwaka juzi Martina alipotolewa uali kule Mgeta ni yeye Filomena aliyemvalisha, kwao dada mkubwa ndiye anayemvalisha mwali, upya kuanzia kichwani mpaka unyayoni, na kabla mlango haujafunguliwa bibi Kristina alitoka peke yake uani, mfupi, fimbo mkononi, akawapitia wanaume mmoja mmoja, wewe mtoto wa nani, lukolo gani, mjomba wako nani, na aliyeshindwa kutaja ukoo wake aliombwa kwa adabu aende zake, hata yule dereva wa lori aliyekuja kula pilau tu, aliondoka na sahani mkononi, watu wakacheka, bibi hakucheka, akarudi ndani akamwangalia Filomena akiwa bado ana pini mdomoni, akasema, "Wewe ndiye umemvalisha. Kila jicho litakalomwangukia leo limepitia mkononi mwako. Likiwa jicho baya tutakuuliza wewe, yeye hatutamuuliza." Na Filomena akaitikia ndiyo bibi, huku akiwaza mkunjo wa sketi umekaa vibaya. Jumamosi ishirini na ngapi sasa amemvalisha Tina, akamfungulia mlango, akamtoa nje kwenye uwanja usio na mwisho, na hakuna bibi aliyetangulia nje na fimbo, hakuna aliyeulizwa lukolo gani, na yeye akaona ndiyo raha yenyewe, hakuna wa kuuliza.

"Sista Filo, dakika kumi zimebaki, nikuongezee?" Erick, ameshakata simu, yuko nyuma ya kiti chake ananukia chipsi, anatazama kioo, anaguna. "Ee bwana, kumbe zimekufikia wewe? Hizo nguo zimechorwa hapo hapo ulipokaa. Asubuhi nafungua tu, kaingia mshikaji mmoja, dume zima, anachora blauzi na sketi, nimecheka mpaka basi." Akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza mshikaji gani. "Simjui, mgeni. Mstaarabu lakini, anaongea taratibu. Kaniuliza lori la pili la Mgeta linapakilia wapi, nikamwambia pale sokoni, saa nne, wahi. Vipi, shemeji?" na akaenda zake, mteja wa mashine ya saba anamwita, karatasi imekwama, shemeji, kasema shemeji. Sketi ilikuwa imeshashuka, ile ya kitenge cha kahawia, na chini ya sketi vifundo vya miguu, na chini ya vifundo, usishuke, naomba usishuke, ndala nyeusi, ya kulia mkanda wa kijani, ya kushoto mkanda mwekundu. Hizo si za Martina. Hizo ni za kwake mwenyewe, Filomena, alizibadilisha mkanda mmoja mwaka jana kwa fundi wa barabarani, na Martina hajawahi kuzivaa maishani mwake mpaka leo alfajiri, kiatu chake kilipokatika mlangoni na lori linapiga honi, akamtupia, vaa hizi twende, wakakimbia wote wawili mpaka sokoni, yeye amebeba kikapu, na hapo sokoni, kwenye kiza kile cha kupambazuka, taa za lori zimewaka, kuna mtu alisimama akaangalia mpaka chini, mpaka mikanda.

Na kabla ya hofu, hili hatamwambia padri wala mama, kabla ya hofu kilikuja kwanza kitu kingine, wivu, wivu kabisa, amekuja, Stambuli wangu amekuja mpaka Morogoro, na mimi nilikuwa pembeni ya Martina nimebeba kikapu, macho yake yamenipita kama gunia, miezi sita maneno yangu, vichekesho vyangu, mkono wangu, halafu zawadi anapewa uso... ulikaa dakika nzima, wivu ule, dakika nzima aliyoitoa kwenye dakika za Martina, ndipo ulipoondoka na nyuma yake akaona yote aliyoyaandika yakiwa yamejipanga, kwamba nakwenda kwa bibi kila Alhamisi, napanda na lori la kwanza, kwamba nashuka saa tisa na mzigo wa karoti kichwani, peke yangu, njia ile ya migombani, Stambuli ungeiona, kukiwa na ukungu unaweza kuimba kwa sauti na hakuna atakayekusikia, ni yeye aliyeandika hivyo, aliona ni maneno mazuri, alijisifu, yametoka kama ya kitabuni. Na saa ya ukutani ilikuwa tisa kasoro dakika tano. Na mtu yule aliamini kwamba Tina hataiona zawadi mpaka Jumamosi, mpaka uje uione tutakuwa tumeshaonana, hakukosea kuandika, na huko juu simu hazishiki, na lori hata likiondoka sasa hivi ni saa tatu za matope mpaka njia inapoanzia, simama Filomena, piga yowe, mwambie Erick, mkimbilie mama sokoni, na mkono uko pale pale juu ya mausi, na Tina yuko pale pale mbele yake amekamilika, amevaa vizuri, anatabasamu lile tabasamu la bure linalokuja na kila mdoli.

Atamkimbia, kwa nini asimkimbie, Martina si mjinga, akimwona mwanamume asiyemjua njiani atarudi kwa bibi, amefunzwa, asiyetaja ukoo wake usisimame naye, hata mvua inyeshe usisimame naye, na Filomena akalishika wazo hilo kwa mikono miwili, akalishika, mpaka alipokumbuka maandishi mengine, ya mwezi wa tatu, siku aliyotaka kusifiwa kidogo na yeye, mwenyewe, si Tina, akaandika eti nina dada, anaitwa Filomena, aliungua shingo akiwa mdogo lakini hakuna fundi kama yeye, ananivalisha tangu utotoni, akiniambia fanya nafanya bila kuuliza, bibi yetu Kristina anasema sisi ni mtu mmoja, mama anauza karoti... na Stambuli akauliza, taratibu, mstaarabu, anauliza, dada huyo anafanya kazi wapi, na akamjibu. Kwa hiyo hana haja ya ukoo. Atasimama migombani na ukungu mpaka magotini, na Martina, aliyelelewa kumwamkia kila mkubwa, atasema shikamoo, na mtu yule ataitikia marahaba, atamtaja bibi kwa jina, atasema nimetumwa na dada yako Filomena, ameona mvua akasema nije nikupokee, na kwa jina hilo, jina hilo tu, Martina atainamisha kichwa, atampa mzigo ambebee.