Kuku Aliyejua Kabureta

Abeli alikuwa afisa mifugo, amesomea magonjwa ya kuku na ng'ombe miaka mitatu mizima, lakini tangu anunue ile pikipiki ndefu ya porini, mkono wa pili, alijihesabu kuwa fundi pia. Ushahidi wake ulikuwa kwamba aliwahi kubadilisha plagi na pikipiki ikawaka. Hakuwa na haja ya kuwaeleza watu kwamba iliwaka siku ya pili yake, baada ya fundi wa kweli kupita.

Asubuhi hiyo aliamka saa kumi na moja na nusu, pale kwake Nkuhungu, akafungua sebule ambamo pikipiki hulala kwa kuogopa wezi. Harufu ya petroli ikampokea mlangoni. Chini ya kabureta palikuwa na dimbwi lililokwisha kufika kwenye miguu ya kochi.

Siku nyingine angeguna tu, akaenda kuoga. Lakini kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, kilikuwa kimeshafyeka kuku wa kijiji cha jirani na Chilungule, mwendo wa saa moja kwa njia ya Mtera, na Abeli alikuwa amewaagiza watu wa Chilungule wasifungulie kuku wao mpaka afike na chanjo. Kuku akishatoka nje humkamati tena mpaka jioni. Mwezi uliopita aliwaagiza vivyo hivyo, akafika saa saba mchana, kuku wako mashambani na wenyewe wamenuna. Mwenyekiti wao, mzee Bartolomayo, alimwambia kwa upole kwamba wangemvumilia mara moja tu. Akichelewa tena, hakuna atakayefungia kuku kwa neno lake, na kideri kikija kitawakuta hivyo hivyo, bila kinga.

Tena kati ya kuku hao, kumi na mmoja walikuwa wa mama mkwe wake, Bibi Evarista, ambaye wiki hiyo alikuwa hapo hapo Nkuhungu, amekuja mjini kutibiwa macho.

Hapo pana jambo la kueleza. Kwao Abeli, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Neno hupita kwa mtu wa katikati, na wa katikati katika nyumba ile alikuwa Ruthu, mkewe Abeli. Ruthu alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuuza nyanya Majengo. Waliobaki walikuwa Abeli na pikipiki yake, aliyoitoa uani mbele, Bibi Evarista na jiko lake nyuma kabisa kwenye ua wa jirani, mbali na petroli, na kuku mwekundu ambaye bibi alimletea binti yake zawadi, amefungwa mguu penye kona ya nyumba.

Abeli alianza kwa kukaza. Alikaza kila skrubu aliyoiona, hata zile zisizohusika, na matone yakaendelea. Kisha akakumbuka kwamba waendesha bodaboda huziba tangi kwa sabuni ya mche, kwa kuwa petroli haiiyeyushi. Akaingia bafuni, akachukua mche wa Bibi Evarista, akaipaka kabureta pande zote mpaka ikawa nyeupe. Matone yakahamia kwenye kile kimpira chembamba kinachoning'inia chini. Abeli akakata kijiti cha mwarobaini, akazibia kile kimpira.

Matone yakakoma. Alisimama ameshika kiuno, akajiona mtu wa maana, kwa muda wa kama dakika moja. Alipopiga kiki, pikipiki ilikohoa, petroli ikatokea kwenye chujio la hewa na kummwagikia kiatuni, kile kiatu cha kwendea kazini.

Sauti ikasikika kutoka nyuma ya kona ya nyumba, tulivu kabisa.

"Wewe kuku, kimpira kile ni njia ya kutolea yaliyozidi. Haizibwi. Uliza kwanza kwa nini yanazidi."

Ruthu hayupo, basi Bibi Evarista alikuwa amemfanya kuku wa katikati. Abeli alijua fika kwamba bibi huyo aliuza petroli ya chupa barabarani miaka tisa, na mafundi wote wa njia ile walikuwa wakifanyia kazi kwenye benchi lake. Alijua, ila moyoni alikuwa ameamua kwamba kuuza petroli ni kitu kimoja na ufundi ni kingine. Uamuzi huo aliufanya peke yake, kama kawaida yake.

Alichomoa kijiti kimya kimya, kana kwamba ndiyo hatua iliyofuata katika mpango. Akafungua kibakuli cha chini, akatoa sindano, ile inayosukumwa na boya ili kufunga mafuta kibakuli kikijaa. Akaifuta kwa shati, akaipuliza, akaitazama juani kwa jicho moja kama alivyoona kwenye video. Akarudisha kila kitu. Ikavuja.

Saa mbili ilikuwa imepita. Chanjo ilikuwa ndani ya chupa ya chai pamoja na barafu, na barafu ilianza kugongana kwa sauti ya vipande vidogo. Alimpigia Ruthu. Ruthu alipokea, akamtajia mtu mwingine bei ya nyanya, akakata.

"Wewe kuku," ile sauti ikarudi, "boya ulitikise sikioni. Likilia, limetoboka na limekunywa mafuta. Boya lililozama litafungaje?"

Abeli alifungua tena. Alilitoa boya, akalisogeza sikioni kwa siri, ingawa hapakuwa na wa kumwona ila kuku. Lililia.

Basi ugonjwa umejulikana, na yeye mganga ndiye wa mwisho kuujua. Alilizungusha lile boya mara kumi asione tundu. Hapo aibu ilimshika, aibu ya kweli ya kuchoma masikio, kwa sababu sasa hakuwa na video, hakuwa na skrubu ya kukaza, na kule Chilungule nyumba sitini zilikuwa zimefunga kuku kwa neno lake. Alichuchumaa mbele ya kuku mwekundu.

"Wewe kuku," akasema, "hebu muulize bibi tundu nitalionaje."

Kisha akasikia sufuria ikitua kwenye kona ya nyumba, na kandambili zikirudi zilikotoka.

"Kuku, maji ya moto hayo. Alitumbukize, panapotoka mapovu ndipo penyewe. Asubiri mafuta yaishe ndani, alikaushe, apashindilie sabuni. Kama hiyo sabuni yangu imebaki."

Ilikuwa imebaki kidogo. Mapovu yalitoka kwenye kitundu kidogo kama ncha ya pini. Saa tatu na nusu Abeli alikuwa barabarani, kabureta imekauka, na njia nzima akitunga uongo wa pancha.

Alifika Chilungule saa nne na nusu. Hapakuwa na kuku hata mmoja nje. Walikuwa wakilia ndani ya nyumba zilizofungwa, na mzee Bartolomayo alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsubiri.

"Shikamoo mzee. Nimepata pancha pale—"

"Marahaba. Pancha hiyo tuliisikia mapema," alisema mzee. "Bibi Evarista alipiga simu saa kumi na mbili. Alisema pikipiki inavuja, tusifungulie kuku mpaka saa tano, maana lazima uanze kuitengeneza mwenyewe."

Saa kumi na mbili Abeli alikuwa hajashika hata skrubu ya kwanza. Alitaka kucheka, na alikuwa karibu na machozi, na yote mawili aliona ni halali yake. Aliuliza tu kuku wa bibi wako wapi.

Walikuwa kwa jirani, Emiliana, ambaye aliwashika mmoja mmoja huku Abeli akiwadondoshea chanjo jichoni, tone moja moja. Alipomaliza wa kwanza alimwinamia.

"Asante, kuku."

Emiliana alimtazama kwa mshangao. Abeli akamgeukia wa pili, akasema asante tena, kwa sauti kubwa zaidi, na hivyo hivyo mpaka wa kumi na moja. Abeli alijua kwamba Emiliana alikuwa na simu, na kila jioni alimpigia Bibi Evarista kumpa habari za kuku wake.