Kovu la Mama Gradi

Jioni ile Annonciata alikuwa akichambua maharage mlangoni pake, kule Juru, katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda, huku akijisikiliza kwenye simu. Ndivyo walivyofanya wote waliosubiri usaili wa kuhamishiwa ng'ambo: unajirekodi ukieleza kilichokukimbiza, unajisikiliza mpaka ulimi uzoee, kwa maana anayejikwaa mbele ya afisa huitwa mwongo. Annonciata alieleza siku waliyovamiwa Kivu Kusini, mwanawe Gradi aliyeuawa mgongoni mwake, na panga lililoishia begani kwake.

Jirani yake Sonia, ambaye hakuwahi kuzaa, akaja na kigae kuomba moto.

"Mama Gradi, unipe moto. Na ile sauti yako ya kesi unirushie kwa blutuuth, nisikie namna banasemaka."

"Utanimalizia chaji, weye!"

"Nitakuletea chumvi."

Jirani hanyimwi moto, na siku hizo kurushiana kulihesabiwa pamoja na moto. Simu zikalazwa ubavu kwa ubavu juu ya gunia. Sauti ilipokwisha kuhama, na kovu la begani likawa limehama. Sonia alijikuna bega, akashukuru, akaenda zake na kaa lake.

Hakuna aliyeshangaa. Pasaka iliyopita Bonaventure wa kwaya alimrushia shemeji yake wimbo, akakaa bubu mpaka aliporudishiwa. Annonciata alilala fofofo, mara ya kwanza tangu aingie Uganda. Alipoamka aliitafuta kichwani sura ya mwanawe, hakuiona, akaenda kudai.

"Unirudishie, Sonia."

"Acha kwanza baniulize, dada. Nikitoka tu, nakurudishia."

Siku ya usaili wake Sonia akaulizwa. Alilia mpaka mkalimani akashindwa kutafsiri, akaonyesha kovu, akapita. Majirani wakaanza kumwita yeye Mama Gradi, kwa kuwa ndiye sasa aliyeamka akimwita mtoto. Kisha akashuka mjini Mbarara, akaiuza simu apate sanduku la safari.

Annonciata alimfuata mnunuzi, Kasim, kwenye kibanda chake karibu na kituo cha mabasi. Kasim alimpa kigoda na maji ya kunywa.

"Mama, mimi nafuta yote. Simu iko na kilio ndani, kastoma hataki. Huyo mtoto alikuwa wako?"

"Nasikia ndiyo."

Zamu yake ya usaili ilipofika, afisa alimuuliza alikimbia nini. Annonciata alifikiri kwa bidii, akasema hajui. Akaombwa aonyeshe alama. Bega lilikuwa laini kama la bibi harusi.

"Anasema haujaumia ya kutosha, mama," mkalimani alitafsiri, akamfungulia mlango.

Siku ya safari, watu wa Juru walikwenda kuwaaga wenzao Kabazana, yanakoondokea mabasi ya wanaohamishwa. Sonia alisimama mlangoni pa basi akilia kwa sauti.

"Namuacha Gradi wangu! Hata kumuzika sikumuzika!"

Annonciata alimwonea huruma ya kweli. Hakuwahi kuona mama aliyempenda mtoto kiasi kile. Akapenya katikati ya watu, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Pole, Mama Gradi. Ufike salama."

Basi likaondoka. Annonciata alirudi Juru kwa miguu, na alipofika karibu na nyumbani ndipo alipokumbuka kuwa kulikuwa na kitu anamdai Sonia. Ilikuwa chumvi.