Siku Mpiga Lipu Alipojibu

Daktari alimvika mgonjwa kofia yenye nyaya, taratibu, kisha akainama sikioni pake.

"Fundi, fikiria unapiga lipu ukutani. Kwa mkono wa kulia. Haya, anza."

Mkono haukutikisika. Tangu fundi aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mwili wake ulilala tu ukipumua, macho yakifumbuka na kufumba bila kumwona mtu. Mkewe alimlisha kwa mrija, akamgeuza ubavu huu na huu asije akachubuka, akamwosha kama aoshaye sufuria, mawazo yakiwa kwingine. Alichoka uchovu usiotibiwa na usingizi.

Kwenye skrini ya mashine, mistari ya mawimbi ya ubongo wake ilibadilika. Daktari akamwambia mgonjwa apumzike, ikarudi ilivyokuwa. Akamwambia aanze tena; ikabadilika tena. Alirudia mpaka shaka ikamwisha.

"Anatusikia," alisema. "Tangu lini, sijui."

Wifi mtu, dada wa mgonjwa, alibubujikwa na machozi ya furaha, akatoka kuwapigia ndugu simu. Daktari naye akamfuata na mashine yake. Mke alibaki amesimama, beseni mkononi. Tangu lini? Juzijuzi tu, papo hapo kitandani, alimwambia wifi huyo huyo kwamba heri mgonjwa angekwenda zake, waliobaki wakapata kupumua. Wifi hakumkemea, naye alikuwa hoi. Walizungumza kama watu walio peke yao.

Chumba hiki ndicho kilichokuwa maficho yake. Humu alilia, alilaani, alinyamaza, na hapakuwa na wa kumuuliza kulikoni. Habari aliyoiombea usiku na mchana ilikuwa imefika, nayo ilimwelemea mabegani kama mzigo juu ya mzigo.

Alivuta pazia la kitanda.

"Baba watoto," alisema kwa sauti ya chini, "yale niliyasema. Siwezi kuyakana. Nilikuwa nimechoka. Na hata sasa nimechoka."

Macho ya mumewe yalitazama dari.

Alichovya kitambaa, akakikamua, akamfungua vifungo vya shati. Mkono wake ukasita juu ya kifua kile alichokiosha miezi yote hii.

"Maji yakoje?" aliuliza.

Akasubiri, kama mtu amsubiriye mwenzake anayetafuta neno.