Kochi Lililomtema Mgeni

Mzee Timazi alikuwa mwana wa Mkono Mtulivu, na Mkono Mtulivu alikuwa mwana wa yule seremala aliyetengeneza madawati ya shule ya kwanza ya mji ule, madawati ambayo wanafunzi wa vizazi vitatu waliyachorachora kwa visu na bado hayakulegea kiungo hata kimoja. Katika ukoo huo hapakuwa na fundi aliyewahi kurudishiwa kazi. Kiti kikitoka mikononi mwao kilikuwa kimekwisha. Hakikudai msumari wa nyongeza wala maneno ya kujitetea. Mkono Mtulivu alipewa jina hilo kwa kuwa aliweza kuchora mstari ulionyooka juu ya ubao bila rula, huku akizungumza na mteja. Naye mwanawe aliitwa Timazi, kama ile kamba yenye uzito ambayo waashi huitumia kupima kama ukuta umesimama wima, kwa sababu hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda, kiwe mlango au mwenendo wa mtu.

Tangu afiwe na mkewe, mzee huyo aliishi nyumbani kwa mwanawe, karani wa bima, na sebuleni mwa nyumba hiyo palikuwa na kochi alilolitengeneza Mkono Mtulivu mwenyewe, mwaka ambao Timazi alimaliza darasa la nane. Lilikuwa la mbao nyekundu, ngumu, lenye mito mitatu ya kukalia. Ubao wa chini ya mito haukulala sawa. Ulikuwa umeinamia nyuma kwa kipimo cha vidole viwili, ili mtu akiketi, uzito wake uusukume mto kwenye egemeo badala ya kuutoa nje. Kipimo hicho hakikuandikwa popote. Baba alimwonyesha mwana kwa vidole vyake, basi. Kwa miaka mingi watoto walilirukia kochi hilo, wakapigana juu yake, wakalala juu yake, na mito haikuhama.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, mito ilianza kuteleza.

Ilianza kidogo kidogo. Mtu akiinuka, mto ulimfuata nyuma kama mtoto asiyetaka kuachwa. Mkazamwana wa mzee, ambaye alikuwa muuguzi, akatandika chini ya mito ule mpira wenye matundu unaowekwa kwenye droo za jikoni. Ukajikunyata kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Karani akaleta gundi ya utepe inayonata pande mbili; kwa wiki moja ikashika vumbi na nywele, isishike mto. Kisha akajaribu pini, na shangazi mmoja akachomwa, akaondoka pale kwa kilio. Mzee alitazama hayo yote kutoka kwenye kiti chake cha kamba kando ya dirisha, midomo ameibana. Kazi ya kulipua, alisema moyoni. Hawa wangepewa jumba walijenge, wangelijenga kwa pini.

Jumapili mzee alitembelewa na rafiki yake wa tangu utotoni, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kilo nyingi na tai shingoni hata siku ya mapumziko. Alipewa mahali pa heshima, katikati ya kochi, na kikombe cha chai mkononi. Katikati ya hadithi yake kuhusu mkaguzi fulani wa shule, mto ulianza safari. Mwalimu akasafiri nao, taratibu, uso wake ukiwa bado na hadithi, hadi akajikuta sakafuni, miguu mbele, chai yote imeishia kwenye tai.

"Timazi!" alicheka hadi machozi yakamtoka. "Kochi la marehemu baba yako limenitema!"

Nyumba nzima ilicheka, ila mtu mmoja.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, karani alikohoa mara mbili, dalili kwamba amebeba jambo zito.

"Baba, tumefikiri. Jumamosi asubuhi gari la duka la samani litaleta kochi jipya. Hili la zamani wataondoka nalo."

"Wataondoka nalo waende nalo wapi?"

"Wao huyavunja, Baba. Huchukua mbao."

Damu ilimpanda mzee kichwani. "Huyavunja! Mtu aketi kitako chini ya paa alilojengewa na babaye, aseme kochi la babu yake likavunjwe kama kreti la soda! Kochi hili halina kosa. Kosa ni la hicho kitambaa chenu kinachong'aa kama kipara kilichopakwa mafuta. Mto wa kukalia hauvalishwi nguo ya harusi!"

"Lakini, Baba," mkazamwana alisema kwa sauti ya chini, "kitambaa hicho kina miaka miwili sasa. Mito imeanza kuteleza baada ya mvua."

"Mama, wewe unajua sindano za kumchoma mgonjwa. Sindano za mito niachie mimi."

Muuguzi alianza kukusanya sahani za chakula.

"Nipeni hadi Jumamosi," mzee alikata kauli. "Wakifika wakakuta mto umetulia, kochi linabaki mpaka nizikwe. Wakikuta unateleza, walibebe, na hamtasikia neno kutoka kwangu."

Ahadi ya namna hiyo hakuwahi kuitoa maishani.

Alikwenda kwenye sanduku lake la vifaa, akatoa sindano iliyopinda na uzi uliopakwa nta. Siku tatu alishona vipande vya gunia chini ya kila mto, upande wenye nyuzi ngumu ukitazama ubao, mishono ya karibu karibu, hata ambapo hakuna jicho litakaloona. Alhamisi jioni, kila mtu akiwa jikoni, alihama kwenye kiti chake cha kamba akaketi kwenye kochi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Akajaribu kuegemea. Mto ulinguruma kwenye ubao, ukasogea mbele kwa upana wa kiganja. Akajirudisha nyuma. Ukasogea tena.

Mzee Timazi alirudi kwenye kiti chake bila kumwambia mtu.

Ijumaa alasiri akaja mjukuu wake, binti mkubwa wa karani, fundi cherehani aliyekuwa na kibanda chake karibu na kituo cha posta. Alibeba mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba. Mume gani anayetembelewa mwezi kwa mwezi? Talaka yako iko njiani."

"Iandike basi, nikaolewe na mwenye kochi lisilomwaga watu." Alipoona babu hacheki, akaweka mfuko chini. "Nimesikia habari za kesho. Nitazame?"

"Nimekwisha kutazama."

"Najua, Babu. Nami nitazame baada yako."

Aliondoa mito mitatu, akaipanga ukutani, akaisifia mishono ya gunia kwa dhati. Kisha akachukua chungwa, akaliweka katikati ya ubao mtupu. Chungwa lilitulia kidogo, kana kwamba linafikiri, halafu likabingirika mbele, likadondoka, likaenda kugonga kiatu cha mzee.

"Babu," binti aliuliza polepole, "kochi la ukoo wetu huinamia wapi?"

Mzee aliitoa pimamaji sandukuni, kile kipimo cha usawa chenye kipovu ndani ya maji, akailaza juu ya ubao, na macho yake yakafuata kile kipovu kilichokimbilia nyuma, upande ulio juu, kikaganda huko. Pimamaji hiyo ilikuwa hatua nne kutoka kwenye kochi wiki nzima. Hakuitoa, kwa kuwa haikumwingia akilini kwamba kazi ya Mkono Mtulivu inaweza kupimwa.

Binti alikuwa amekwisha kupiga magoti nyuma ya kochi na kuinua pindo la kitambaa kilichofunika mgongo wa kochi hadi sakafuni. Chini ya miguu miwili ya nyuma palikuwa na vibao, kimoja kila mguu, vyenye unene wa vidole vinne. Miguu ya mbele ilikuwa mitupu. Akavichomoa, akampa babu yake. Pembeni mwa kila kibao palikuwa na alama ya penseli, duara lenye nukta katikati. Zaidi ya Timazi, hakuna fundi mwingine chini ya jua aliyetumia alama hiyo.

Ndipo mzee alipokumbuka. Wakati wa mvua, maji yalipita chini ya mlango wa nyuma yakalowesha ukuta ule. Alikata vibao vinne, akainua miguu ya nyuma kwanza, iliyokuwa kwenye maji, akasema ya mbele ataiinua kesho. Usiku ule homa ilimwangusha kitandani kwa wiki nzima. Alipoinuka sakafu ilikuwa kavu, na vibao viwili vilivyobaki alivitumia kuzuia mlango wa banda.

Nusu kazi. Hilo ndilo tusi baya kuliko yote alilowahi kumtupia mwanagenzi, na kwalo alikuwa amemfukuza zaidi ya mmoja. Aliketi kwenye kiti chake cha kamba.

Karani na mkewe walikuwa wamesimama mlangoni. Mzee aliinua macho.

"Nani anafagia chini ya kochi hili?"

"Mimi, Baba," alisema muuguzi.

"Uliviona?"

"Niliviona."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na wewe?" alimgeukia mwanawe.

"Alinionyesha. Nilidhani una sababu yako."

"Mliviona!" Sauti yake ilitikisa vikombe kabatini. "Mkatandika mipira, mkabandika gundi, mkamchoma pini mwanamke wa watu, mkamtupa rafiki yangu sakafuni, na wakati wote mnavijua! Mlikuwa na ndimi za kazi gani?"

Muuguzi ndiye aliyejibu. "Baba, wiki niliyoolewa uliniambia kwamba katika ukoo huu kazi ya fundi haiguswi wala haiulizwi. Siku moja nilisogeza stuli yako. Ulisusa chakula hadi jioni."

Binti alijiziba mdomo asicheke.

"Kwa hiyo mlikuwa radhi kochi la baba yangu likavunjwe vipande," mzee alisema, sasa kwa sauti ya chini zaidi, "kuliko kuniambia nimekosea?"

"Kununua kochi jipya kulikuwa rahisi zaidi, Baba," alisema karani.

Mzee alivichukua vile vibao viwili, akavitia sandukuni.

Asubuhi ya Jumamosi gari lilifika na wapagazi wawili. Mzee Timazi aliwangoja mlangoni amevaa shati lililopigwa pasi, akamchagua yule mnene.

"Kijana, kabla hujabeba, keti."

"Mzee, tuna nyumba tano za kupita."

"Keti! Inuka. Keti tena, kwa nguvu, kana kwamba unamchukia aliyelitengeneza. Jitupe!"

Mpagazi alijitupa. Kochi lilitoa mguno mmoja mzito, na mito mitatu ikabaki kwenye egemeo kama watu waliokwisha kuamua. Alipapasa mkono wa kochi, akatazama mlangoni kuhakikisha bosi wake hayupo. "Mzee, hili mnataka tulichukue, mtuachie lile la kwenye gari? Lile ubavu wake ni makaratasi matupu. Lakini msiseme nimesema mimi."

Karani alitoka nje mwenyewe, akazungumza na dereva, na gari likaondoka na kochi lake jipya.

Mzee hakushangilia. Aliwaita wote sebuleni, mwana, mkazamwana na mjukuu, na hakuwaruhusu kuketi. Alivipigilia vile vibao viwili ukutani juu ya kochi, msumari mmoja kila kimoja, alama ya penseli ikitazama chumba, mahali ambapo kila mgeni angeuliza ni vya nini. Kisha akageuka, nyundo ingali mkononi.

"Vitakaa hapo. Mgeni akiuliza, mwambieni ni nusu kazi ya Timazi, mwana wa Mkono Mtulivu. Msinitafutie maneno matamu. Lakini msidhani nimewasamehe. Mimi nilikosa siku moja, nikiwa na homa. Ninyi mlikosa kila siku, wazima, ufagio mkononi, mkauita ukimya wenu heshima. Heshima gani inayomwacha mzee aaibike mbele ya rafiki yake? Kuanzia leo, atakayeona kazi yangu imepinda aseme siku hiyo hiyo, aseme usoni pangu, hata nikisusa chakula mwezi mzima. Acheni nisuse! Mmenisikia? Sitaki kuona vichwa vinatikiswa. Jibuni mmoja mmoja, kwa sauti."