Pale Anaponyamaza

Tamthilia iliitwa Uwanja Haulali, na walipoitangaza waliapa kwamba ingechukua mwaka mzima. Ilikata roho kabla watazamaji hawajauzoea wimbo wake. Ilihusu uendeshaji wa uwanja mkubwa wa ndege: ndege zinatua na kupaa bila kupumzika, mizigo inapotea, abiria wanafoka, na juu ya vurugu zote ameketi Meneja, mkono mmoja kwenye simu na mwingine kichwani. Ndege yenyewe haikuwepo. Uwanja ulijengwa ndani ya ghala lililokuwa la magodoro, na ukivuta pumzi kwa pupa ulipiga chafya. Abiria walikuwa watu wale wale kila siku, wakibadilishana kofia na mitandio na kuburuta masanduku matupu. Mzee mmoja kati yao alisafiri nchi zote za dunia bila kuvuka mlango wa ghala, na bado alilalamika miguu.

Nyuma ya ofisi ya Meneja, upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba, kulikuwa na kibanda chenye upana wa kabati la nguo. Humo alikaa mwanamke mmoja, simu mapajani, skripti mkononi. Mwongozaji wa tamthilia alikuwa na msimamo wake: hakutaka mwigizaji aongee na simu iliyokufa. Alisema mtu anayejifanya kusikiliza hasikilizi, anahesabu moja mpaka tano. Kwa hiyo waya ulivutwa kutoka mezani kwa Meneja ukapenya ukutani hadi kibandani, na Meneja alipoinua simu, yule mwanamke alimsomea maneno ya upande wa pili. Alisoma maneno ya waziri mwenye hasira, ya abiria aliyepotelewa na sanduku, ya mke wa Meneja anayemsubiri nyumbani. Siku ya kwanza kabisa alisoma maneno ya mnara wa kuongozea ndege, na jina likamganda: Mnara. Mrefu hakuwa. Alifika mabegani mwa watu wengi, na ndiyo maana utani ulinoga.

Sauti yake haikurushwa hewani. Watazamaji walimwona Meneja tu, akisema, akinyamaza, akisema tena.

Jumamosi ya kwanza Mnara alikwenda kuiangalia kwa dada yake mkubwa. Shemeji alikuwa kwenye kochi, amelala kabla hata jina la tamthilia halijapita.

“Haya, mbona sikuoni?” dada akauliza. “Wewe uko wapi?”

“Pale anaponyamaza.”

“Kwa hiyo wanakulipa ili unyamaze?”

“Mimi naongea, dada. Yeye ndiye ananyamaza.”

Dada akatikisa kichwa. “Kazi za siku hizi, hata kumweleza mtu huwezi.”

Mnara alicheka naye, lakini njiani kurudi kwake kicheko kilimwisha. Aliishi peke yake kwenye vyumba viwili. Alikuwa na mume zamani. Hakufa, aliondoka tu, na watu hawaji kumhani mtu aliyeondokewa namna hiyo. Mezani alikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia, cha pili alirundikia nguo za kupiga pasi, na rundo hilo halikuwahi kwisha kwa sababu hakuna aliyehitaji kiti.

Sasa, pale ghalani taa zilirekebishwa mara nyingi kuliko zilivyowashwa. Fundi akipanda ngazi, wengine wote walitoka kwenda kunyoosha viungo, ila mwigizaji wa Meneja, ambaye naye walimwita Meneja, alibaki mezani kwa sababu ya goti lake bovu. Siku moja katikati ya matengenezo hayo simu ya kibandani ililia. Mnara akainua.

“Mnara, Mnara, naomba kutua.”

Akapekua skripti haraka haraka, jasho likimtoka. Ukurasa wenye maneno hayo haukuwepo. Ndipo akaelewa kwamba yule mwanamume hakuwa anaigiza. Alikuwa amechoka kukaa peke yake.

“Tua tu,” akamjibu. “Njia nyeupe.”

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Walipiga soga, kila mmoja upande wake wa ukuta, karibu kiasi kwamba Mnara alimsikia mara mbili, sikioni na ubaoni. Meneja alimsimulia habari za jogoo wa jirani asiyejua saa. Alimsimulia goti. Siku moja, bila kuulizwa, akamwambia, “Tangu mama watoto afariki nakula nimesimama, pale pale jikoni. Nikikaa mezani naona kama namsubiri mtu.”

“Mimi nakula na redio,” Mnara akasema. “Mtangazaji ndiye mgeni wangu.”

“Afadhali wewe una mgeni.”

Lakini wakikutana uso kwa uso, kwenye chupa ya chai, ulimi ulikuwa mzito kwa wote wawili. “Habari za asubuhi, mama.” “Nzuri, habari zako.” Kisha kila mmoja aliitazama chai yake kama mtu aliyeona nzi ndani. Usingeamini kwamba ni hao hao. Mnara mwenyewe alishindwa kuilinganisha ile sauti na mtu huyu mwenye mabega yaliyoshuka, na alirudi kibandani mbio mbio, asubiri apigiwe.

Basi Mtayarishaji, yaani mwenye fedha zake, akaja na viatu vyake vinavyolia. Akawakusanya wote chini ya ubao wa saa za ndege, akasema tamthilia imefika mwisho, imebaki sehemu moja tu. “Watu wanauliza, uwanja wa ndege gani huu hauna ndege?” Hakuna aliyembishia. Wengine walinuna kwa ajili ya mshahara. Mnara alinuna kwa sababu nyingine: simu ile ingeng’olewa, na yeye angebaki na mtangazaji wa redio, ambaye hata siku moja hakuwahi kumuuliza hali.

Akapiga moyo konde. Kabla ukuta haujabomolewa, angemkaribisha Meneja kwake, wale pamoja mezani, wameketi.

Siku ya mwisho aliamka mapema akapika chakula cha watu wawili, akakifunika. Akaziondoa nguo kwenye kile kiti cha pili, akazirundika kitandani. Kiti kilikuwa kipya kabisa chini ya nguo zile. Akakipangusa hata hivyo, akaenda kazini.

Onyesho la mwisho lilikuwa Meneja anampigia mke wake, na maneno yalikuwa yale yale ya kila sehemu. Mke anauliza unarudi saa ngapi, mume anasema ndege bado ziko angani, kuleni tu, msinisubiri. Mwandishi alikuwa amepanga kumrudisha Meneja nyumbani siku moja, akale na familia, lakini siku hiyo haikufikiwa. Mnara alisoma maneno ya mke. Mwongozaji akasema basi, imetosha, asanteni wote. Watu wakapiga makofi. Mpiga picha, ambaye walimwita Jicho, hakuzima kamera. Aliagizwa hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa sura nzuri ya Meneja ilikuja akishaamini kazi imekwisha, na vipande hivyo vilifaa kujazia mapengo.

Mnara hakutoka kibandani. Maseremala walishaanza kugonga upande wa mizigo. Simu ikalia.

“Mnara, Mnara, naomba kutua.”

“Njia nyeupe, Meneja.”

“Ndiyo basi tena.”

“Ndiyo basi.”

Njia nzima asubuhi Mnara alikuwa amepanga maneno: samahani kama nitakukwaza, mimi pia ni mtu wa peke yangu, na mengine ya adabu. Yote yakamtoroka. Kinywani mwake yakabaki yale aliyozoea kuyasema kwenye simu ile.

“Leo usichelewe,” akasema. “Nimekupikia. Njoo tule.”

Upande wa pili kukawa kimya. Mnara alibana simu sikioni mpaka likauma. Kisha ikaja sauti, ile nene ya Meneja wa uwanja, si ile ya mwenye jogoo wa jirani.

“Mke wangu, ndege bado ziko angani. Kuleni tu, msinisubiri.” Akacheka. “Umeniweza, Mnara! Mpaka dakika ya mwisho unanisomea.”

Alidhani ni skripti. Mnara alikuwa na nafasi ya kusema sisomi, na alifungua mdomo aseme. Lakini kazi ya msomaji ni kumwachia mwigizaji neno lake hata akikosea, na miezi yote hiyo alikuwa ameifanya vizuri.

“Haya, Meneja,” akasema. “Uwe salama.”

Seremala akagonga kibanda. “Mama, tuachie, tunabomoa.” Ukuta ulipoondolewa Mnara aliona meza, simu iliyorudishwa mahali pake, na kiti kitupu. Meneja alishatoka kwa mlango mdogo. Fundi umeme alikuwa anauvuta waya na kuukunja kiganjani.

Alikula peke yake, redio ikiongea. Sahani ya pili aliila kesho yake. Baadaye akazirudisha nguo kwenye kiti.

Sehemu ya mwisho ilirushwa wiki kadhaa baadaye, jioni. Hakutaka kuiangalia, dada ndiye aliyemburuta. “Njoo uagane na kimya chako,” alimwambia. Shemeji alikuwa kochini, safarini tayari.

Onyesho la simu likafika, mke akapigiwa, mume akasema maneno yake, na Mnara akangojea wimbo. Wimbo haukuja. Pale kwenye kioo Meneja alilegeza tai, akainua simu tena. Mnara akasimama. Meneja wa tamthilia hakuwahi kulegeza tai hata mara moja. Kumbe walikichukua kipande cha Jicho, wakakiweka kiwe ndio mwisho.

Walikuwa wameyakata maneno ya mwanzo. Kilichobaki ni mtu anasikiliza. Tabasamu likamfutika usoni taratibu, macho yakajaa. Mkono wake ukaenda kwenye koti lililoning’inia nyuma ya kiti, ukalishika, naye akainuka nusu, kama mtu aliyeitwa na ameitika. Kisha akaugeukia ukuta, ule ukuta wa mbao, akautazama kwa hofu. Akaketi. Koti likamtoka mkononi. Akajifuta uso kwa kiganja, akakohoa, akavaa sauti nene, akasema ndege bado ziko angani.

Alikuwa amesikia. Alijua vizuri kabisa kwamba hakuna aliyemsomea.

Wimbo ukapigwa. Dada alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. “Mzee huyu anajua kuigiza, jamani! Alikuwa anaambiwa nini hapo?”

“Aliambiwa amepikiwa, aje wale.”

“Hilo tu? Mtu analia kwa kuitwa kula?”

Mnara bado alikuwa amesimama mbele ya televisheni, mkono umekishika kiti.

“Si ulikuwa unasoma tu?” dada akauliza, sasa polepole.

“Hapo sikuwa nasoma.”

Dada akapunguza sauti ya televisheni mpaka ikabaki mikoromo ya shemeji. Kwa mara ya kwanza katika habari hii hakuleta utani.

“Namba yake unayo?”

“Sina, dada,” Mnara akasema. “Simu yetu ilikuwa inaishia ukutani.”