Kofi Lisiloandikwa

Mama alikuwa ameshalipiga pasi gauni la binti yake mara mbili, na bado pale kwenye benchi la mahakama akawa analinyoosha kwa kiganja.

"Kaa wima. Wakikuona umejikunyata watasema roho inakusuta."

"Mama, hebu niache nipumue."

Binti huyu alikuwa mwigizaji. Zamani watoto wa mtaani walimkimbilia wakimwita kwa majina ya sinema zake. Tangu aseme hadharani kwamba Jabali alikuwa akimpiga, wakaanza kumwita mengine yasiyotamkika. Jabali ndilo jina mashabiki walilompa aliyekuwa mchumba wake, nyota mkubwa, mtu ambaye akikohoa tu watengeneza sinema wanashika vifua. Sasa Jabali alikuwa amemshtaki kwa kumchafulia jina. Akishinda, binti angesimamishwa mbele ya kamera za habari aseme kwa kinywa chake: nilidanganya. Kazi ilikuwa imeshamponyoka, nyumba nzuri ameshaihama, hayo aliyameza. Lakini hilo la kusema alidanganya lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba.

Jabali alitoa ushahidi wa kwanza, na alilia. Akalia vizuri, chozi moja tu, la jicho lililowaelekea watu. Binti alimwona alivyoikodolea taa bila kupepesa kabla chozi halijashuka, maana hila hiyo ni yeye Jabali aliyemfundisha. Nyuma kule mwanamke mmoja akapenga kamasi.

Zamu ya binti ilipofika, wakili wa Jabali, bwana mwenye viatu vipya vinavyolia kama vifaranga, akaomba kuonyesha kipande cha sinema yao. Kwenye kioo likatokea jiko la kuigizia. Binti amebeba sinia la vikombe. Jabali anamzaba kofi, vikombe vinamwagika, binti analia kwa kwikwi.

"Mheshimiwa, mwone mwenyewe," wakili akasema. "Dada huyu hulia kwa mshahara. Kofi la uongo, machozi ya uongo. Haya ya leo tuyanunue kwa bei gani?"

Watu wakaangua kicheko.

"Wakili, kaka yangu," binti akasema, "unajua kofi la sinema linavyopigwa?"

"Hapa mwenye kuuliza ni mimi."

"Mwache aeleze," hakimu akasema, akavaa miwani yake.

"Mheshimiwa, kofi la sinema halifiki. Mkono unapita mbele ya uso, na katikati unaweza kupitisha chungwa. Ndiyo maana kamera huwekwa mgongoni kwa mmoja wetu, ule uwazi usionekane. Na anayepigwa anajua, anageuza shingo mapema. Hapo kamera iko ubavuni. Iliwekwa ubavuni kwa sababu maandishi yalisema anipe kisogo, aende zake. Kofi halikuandikwa. Asubuhi ile nilikuwa nimecheka na mpiga picha, basi. Naomba mrudie, polepole, mzime na sauti."

Wakarudia. Safari hii hakuna aliyecheka. Mkono ulikuja, ukafika. Shavu likajikunja kama kitambaa, hereni ikaruka, na shingo ilikuwa bado haijageuka. Macho ya binti hayakumtazama Jabali. Yalitazama kando ya kamera, huko wanakosimama wenzake wa kazi, yakiomba mtu aje. Hakuja mtu.

"Mbona hukusema siku ile?" hakimu akauliza, sauti imeshuka.

"Mwongozaji alisema, hapo hapo, tumepata! Wote wakafurahi. Na mimi kazi nilikuwa naitaka, Mheshimiwa."

Jabali akamwinamia wakili wake sikioni. Jicho lake lilikuwa kavu.

Siku ya hukumu hakimu hakuzunguka. Maneno ya binti si uongo, madai yametupwa, na Jabali asimkaribie tena, nyumbani wala kazini. Waandishi wa habari wakamiminika nje kama maji ya bomba lililopasuka, kila mmoja akitaka kumwahi Jabali mlangoni.

Mama hakuinuka. Alikuwa ameupakata mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama, twende. Yamekwisha."

"Ile sinema," mama akasema, "kila mgeni akija nyumbani naiweka. Nawaambia, shh, nyamazeni kwanza, hapa ndipo mwanangu analia. Mwoneni anavyojua kulia." Akafungua mkoba, akaufunga. "Niliwaonyesha hata mafundi waliokuja kupaka rangi."

Binti akakaa tena, bega kwa bega naye.

"Hukujua, mama."

"Mimi si mtu wa sinema. Lakini kilio chako nimekisikia tangu kitandani ulipozaliwa. Nilipaswa kukijua." Akamgusa shavu. "Liliuma?"

Katika kesi nzima, mawakili wote wale na maswali yao yote, hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

"Liliuma, mama."

Hapo ndipo alipolia, kilio kibaya cha kamasi na kukunja uso, kisichofaa kamera yoyote. Karani aliyekuja kufunga madirisha aliwaona, akarudi nyuma taratibu, akauegesha mlango.